Mchele Uliolala na Sabuni

Shangazi yangu hanunui mchele kwa macho. Macho, anasema, ni ya kununulia vitambaa. Yeye huzamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni, akaviacha vidole vitembee vyenyewe huko chini, kisha anautoa na kuutazama kama umerudi na vumbi. Halafu anatia punje moja kwenye meno ya mbele na kuivunja. Ikikatika kwa mlio mkavu, mchele ni wa zamani, umekaa ghalani vya kutosha, na kila punje itasimama peke yake sufuriani. Ikibonyea kwanza ndipo ikatike, ni mpya, mtamu kwa kupika nyumbani lakini si wa shughuli. La mwisho anachota konzi, anafunga ngumi na kuacha tundu dogo juu, anapuliza humo pumzi ya moto, halafu ananusa. Mchele wenye harufu yake, ukipata joto kidogo, hauwezi kujificha.

Nimeuona mkono ule ukiingia kwenye magunia tangu nikiwa wa kubebeshwa kapu. Sasa mimi mwenyewe nina mjukuu, na kazi yetu ni ileile: tunapika kwenye shughuli. Watu wa mitaa hii ya Kariakoo wakioza binti au wakisoma hitma wanamwita Shangazi, na Shangazi ananiita mimi. Sitasema kwamba ndiye mpishi wa kwanza mjini. Wapo akina mama wa Ilala ambao pilau lao nimelila nikakosa la kusema, na ni haki niliandike hilo. Ila huku kwetu mtu akila pilau kavu, lenye harufu inayoitangulia sinia, huuliza kama kapika yeye. Shangazi hana nyumba ya kupangisha wala shamba Mkuranga. Ana hilo swali tu, watu wanaloliuliza wakiwa na tonge mdomoni.

Mimi niliishia darasa la saba, na kuna mambo ya mchele ambayo wasomi watayaeleza vizuri kuliko mimi. Ninayoyajua ni ya kuishi nao. Nyumbani kwetu punje chache zinakaa kwenye kichupa cha chumvi ili chumvi isigande. Maji ya wali mama yangu alikuwa akitilia wanga kanzu za baba, na zilisimama kama zina mtu ndani. Wali uliobaki tuligundishia tiara tukiwa watoto. Asubuhi ni vitumbua, mwezi wa Ramadhani ni mkate wa kumimina, na mtoto akiharisha ni uji wa mchele. Siku hizi simu ikitumbukia kwenye ndoo inazikwa kwenye mchele, ingawa sina hakika kama kinachoiponya ni mchele au ni kule kuachwa usiku kucha bila kuguswa.

Nimewahi kupika Upanga kwenye fleti ya familia moja ya Kihindi. Mama wa pale aliosha mchele kwa upole kama anaogesha mtoto, na mgonjwa akiwepo aliuchemsha pamoja na choroko mpaka vyote vikawa laini. Na mtaani kwetu yupo Mchina mwenye duka la mabegi, ambaye mchana hula wali ulioshikana, anaunyanyua bonge zima kwa vijiti vyake. Nilidhani mkewe hajui kupika. Siku aliponionjesha nikakuta umepikwa hivyo kwa makusudi, na ni mtamu. Nami nilipompelekea wali wetu wa nazi, aliuliza kwa adabu kwa nini umeachana. Nikaona hapo hakuna aliyekosea, si yeye wala mimi.

Lakini jambo moja kuhusu mchele kila mwanamke anayeweka chakula ndani analijua: mchele unavuta. Ukiuweka karibu na karafuu, kesho una karafuu. Ukiuweka karibu na mafuta ya taa, umekwisha.

Masika ya mwaka jana yalikuwa mazito. Jangwani palijaa maji, na mitaa inayoteremkia kule ikawa matope juu ya matope. Shangazi akashikwa na kifua na mafua. Kifua kikaondoka. Mafua akaendelea kuyataja. Kila nikifungua kopo la bizari ananiambia, hebu nusa wewe, mimi nina mafua. Nilikuwa simwoni akipenga, simsikii akipiga chafya. Siku moja maziwa yaliungua, naye amekaa kwenye kibao karibu kabisa na jiko akimenya vitunguu, na hakugeuka. Mimi ndiye niliyekuja mbio kutoka uani. Alisema mawazo yalikuwa mbali. Nikamwambia ndiyo, mawazo yana tabia hiyo. Tukaisugua ile sufuria kwa mchanga tukazungumza mambo mengine.

Fundi seremala akipungukiwa macho hununua miwani. Mpishi aliyepotewa na pua ananunua nini?

Mvua zilipokatika, jirani wa mtaa wa nyuma alikuwa anaoza binti yake. Ni familia ya watu wa hapahapa, wa tangu mababu, na wageni wao ni wa kutoka Bagamoyo mpaka Mafia, watu ambao pilau wanalihukumu kabla hawajanawa. Siku ya kununua mchele nilikuwa nimempeleka mjukuu kliniki, Shangazi akaenda peke yake kwa Mangi.

Mangi tunamwita hivyo kama wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro wanavyoitwa hapa mjini. Anauza kwa jumla: mchele, sukari, mafuta, sabuni. Ni lazima nimseme kwa haki, kwa sababu watu wetu wana maneno yao juu ya watu wake, na watu wake nao wana yao juu yetu. Mimi sijawahi kukuta jiwe la makusudi kwenye gunia lake. Aliwahi kunisimulia kwamba kwao utotoni chakula kilikuwa ndizi, na mchele uliingia nyumbani Krismasi tu, mama yake akiuficha chini ya kitanda chake mwenyewe. Mtu aliyekua hivyo hautupi mchele ovyo. Dukani kwake magunia ya mchele yanakaa juu ya mbao, na ole wake mpagazi atakayeyakalia.

Magunia manne yakaletwa kwa mkokoteni mpaka uani kwa wenye harusi, na kesho yake akina mama wa mtaa tukakaa mkekani kuchambua, kila mmoja na ungo wake. Kuchambua ndiko kunakoanza harusi, mimi naona hivyo, kabla hata shehe hajafika. Hapo ndipo bibi harusi anasemwa, mama mkwe anasemwa, na mawe yanatoka. Mmoja alikuwa akitupa kila punje iliyovunjika, jirani yake akamuuliza, "Shoga, unachambua au unalisha kuku?"

Nilikuwa nakata uzi wa gunia la pili harufu iliponijia. Ilikuja, ikaondoka. Sabuni ya mche. Nikatazama juu nikaona khanga zimeanikwa kwenye kamba, bado zinadondosha maji, nikajilaumu kwa wepesi wa kushuku. Lakini nilipoinama ikarudi. Nikachota konzi nikatoka nayo mpaka nje ya geti, nikapuliza, nikanusa. Ipo. Nikakumbuka kwamba asubuhi nilinawa kwa sabuni, basi nikachota tena kwa kukunja ncha ya khanga yangu, nayo ikawa imefuliwa juzi. Mtu kama mimi anaweza kushinda kutwa kwa mtindo huo. Mwisho nikampa mama mmoja anuse, bila kumwambia natafuta nini.

Akavuta pumzi, akatabasamu. "Unanukia usafi," akasema.

Hapo nikajua.

Nilipitia magunia yote manne na yote yalikuwa nayo. Mchele wenyewe, lazima nikiri, ulikuwa mzuri ajabu: mkavu, mrefu, hauna chenga. Nilivunja punje kwenye meno ikalia vilevile inavyotakiwa. Kila ambacho mkono na jino vinaweza kukichagua, Shangazi alikichagua bila kosa. Kilichobaki ni kimoja tu, na hicho kingepanda na mvuke kwenye sinia zote mbele ya watu wa Bagamoyo na Mafia. Pilau la sabuni. Mtu akishapewa jina kama hilo Kariakoo, hata wajukuu zake wataitwa nalo.

Shangazi alikuwa jikoni anatwanga kitunguu saumu. Nilichuchumaa karibu naye nikasema kwa sauti ya chini kwamba mchele una harufu.

"Harufu gani?" akauliza.

Mchi ukabaki juu. Nadhani wote wawili tulisikia alichouliza. Mtu mwenye pua angeshika konzi kwanza.

"Ya sabuni, Shangazi."

Nikampa konzi niliyokuwa nimeifumbata. Aliipulizia, akaiweka puani kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akaimimina kwenye kiganja changu, yote, hata punje moja haikuanguka.

"Wewe una hakika?"

Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuangalia kama nimefunga. Kwenye mambo mengi ukiniuliza hivyo nitaanza kujieleza. Lakini mchele nimenusa maisha yangu yote, na aliyenifundisha ndiye aliyekuwa anauliza.

"Nina hakika," nikasema.

Akanawa mikono, akajitanda khanga. "Chukua kidogo kwenye mfuko. Twende kwa Mangi."

Njiani tulipita kwenye dagaa, tukapita kwenye viungo, tukapita kwa wauza udi, mahali ambapo siku zote alikuwa akitembea huku akitoa hukumu: huu udi una maji, ule mdalasini ni magome tu. Sasa alitembea kama mtu anayepita msibani asipowajua wafiwa. Mimi nilitembea nyuma nikipanga uongo. Ulikuwa karibu sana na ulikuwa mzuri. Mkokoteni ulioleta mchele ulibeba pia katoni za sabuni, nilijua, maana nikirudi kutoka kliniki niliziona zikishushwa duka la jirani. Ningesema wapagazi ndio waliouharibu. Shangazi alinusa mchele safi dukani, ukachafuka njiani, pua yake iko palepale. Nani angebisha? Wapagazi wamezoea kulaumiwa.

Ila safari ya kutoka kwa Mangi mpaka kwetu ni fupi mno, na gunia halivuti harufu kwa haraka hivyo. Nilijua hilo. Wale jamaa wangekatwa ujira wao, au wangenyimwa kazi dukani kwa mtu mkubwa namna ile, kwa kosa ambalo halikuwa lao. Tulipofika mlangoni nilikuwa bado sijaamua, na huo ndio ukweli.

"Shikamoo mama," Mangi akasema akisimama.

"Marahaba mwanangu. Biashara?"

"Tunaisukuma, mama."

Nikaweka mfuko kaunta nikaeleza. Mangi akanusa, akasema hasikii kitu. Akampa karani wake, naye akanusa, hasikii. Mteja mmoja aliyesubiri sukari akajiongeza mwenyewe, akatia pua, akasema labda kidogo, labda hapana. Wakati wote huo sisi sote tumesimama kati ya katoni za sabuni zilizopangwa mpaka darini. Mangi akaanza kukasirika, na si kwa ubaya. Ukutani kwake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na uzi wa magunia ulikwisha kukatwa.

"Na tena mama alichagua mwenyewe," akasema. "Hapa hapa. Akapuliza, akanusa, akaniambia huu ndio. Mimi nibishane na pua ya mama?"

Alikuwa sahihi. Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa anatazama sakafu. Wapagazi wawili walikuwa wameegemea mkokoteni wao pale nje wakisikiliza, kwa sababu Kariakoo hakuna mgogoro usio na watazamaji. Neno lile la kuwasingizia lilikuwa limenijaa mdomoni.

Nikasema, "Tuupike."

Pembeni ya duka kuna mama lishe mwenye majiko yake kwenye kichochoro. Nikamwomba sufuria ndogo na nafasi ya pembeni. Alikubali, ila nisimzibie wateja. Nikatia konzi mbili za mchele, maji, basi. Sikutia chumvi, sikutia mafuta, ili asije mtu akasema nimeutia kitu. Tukasimama pale: Mangi, karani, mteja wa sukari ambaye alikuwa ameisahau sukari, wapagazi wawili, Shangazi na mimi. Maji yakachemka. Nikafunua.

Mama lishe ndiye aliyesema wa kwanza, hata hakugeuka kutoka kwenye maharage yake. "Nani anafua huku?"

Wapagazi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mangi hakucheka. Aliinamia sufuria, mvuke ukampiga usoni, akabaki hapo. Kisha akajipiga paji la uso polepole. Mvua zile, akasema, maji yalipoanza kupanda kutoka Jangwani, alihamisha magunia yale ya mbele akayaingiza chumba cha ndani, palipo pakavu, palipo juu. Akayalinda kwa mikono yake mwenyewe. Chumba cha ndani ndicho cha sabuni. Yalilala humo mpaka mvua zilipokatika, na yeye anayeshinda na sabuni kutwa nzima, angejuaje? Hakusema hivyo kujitetea. Nadhani alikuwa anamfikiria mama yake na ule mchele wa chini ya kitanda.

Halafu akainua kichwa. "Lakini mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayedai, ilikuwa ya mtu asiyeelewa. "Wewe ulinusa."

Hata mama lishe akaacha kukoroga.

Shangazi alikuwa na mengi ya kusema pale. Angeweza kusema mafua. Angeweza kusema dukani kwako kila kitu kinanuka sabuni, na asingekuwa mwongo. Alirekebisha khanga begani.

"Sinusi tena," akasema. "Tangu masika. Si karafuu, si udi, si chochote. Siku ile nilipuliza kwa mazoea."

Alilisema kwa sauti ileile anayosemea kwamba chumvi haijatosha. Mimi nilijifanya nafunika sufuria, na nikaona aibu kwa sababu yeye hakujificha.

Mangi akasema pole. Kisha akasema magunia yote manne yarudi, hata yale yaliyofunguliwa, na yapo mengine ya shehena ileile ambayo yeye aliyapandisha ghorofani, hayajawahi kukutana na sabuni. Karani akamkonyeza kuelekea lile tangazo la ukutani. Mangi akamwambia hilo ni la wanaorudisha bila sababu.

Tukapanda ghorofani. Magunia yalikuwa juu ya mbao zake, kama siku zote. Shangazi akachagua moja la katikati, si la mbele, mkono ukaingia mpaka kiwikoni. Akautoa, akautazama. Akavunja punje, tukausikia mlio. Akachota konzi, akafunga ngumi, akapuliza kwenye tundu, na watu wote wakamtazama, hata wale wapagazi waliokuwa wametufuata kwa kisingizio cha kushusha mzigo. Alipomaliza kupuliza hakuipeleka ngumi puani kwake. Aliigeuza akanisogezea mimi.

"Pua yangu siku hizi ni hii hapa," akamwambia Mangi. "Muulize yeye."

Nikanusa. Nilitaka kunusa mara ya pili, maana ndivyo nilivyo. Lakini ngumi ile ya zamani ilikuwa imetulia chini ya pua yangu, na harufu ilikuwa imekuja safi kabisa, ile ya mchele peke yake, inayofanana na majani makavu na maziwa kwa mbali.

"Huu," nikasema.

"Huu," Shangazi akamwambia Mangi, kama mtu anayetia sahihi.

Siku ya harusi tulipika kwenye majiko matatu ya mafiga. Kukaanga vitunguu kulikuwa kwangu, na bizari, na kujua lini viungo vimetoa harufu na lini vinataka kuungua. Yeye alikaa kwenye kibao akasikiliza. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla: kwamba maji yakikaribia kukauka sufuria hubadilisha sauti, inatoka kwenye kububujika na kuwa kama mtu anayenong'ona. Akinyoosha kidole, tunapunguza kuni, tunafunika, tunapalia makaa juu ya kifuniko. Mara moja tu nilimwambia naona bado. Akasema, sikiliza. Nikasikiliza, na kusema kweli mimi sikusikia chochote, lakini pilau lilipofunuliwa lilikuwa limeiva.

Mzee mmoja wa Mafia alikula, akauliza kama kapika yeye. Jirani yake akamjibu kwamba kapika na binti wa kaka yake. Sijui kama hilo lilimpunguzia Shangazi kitu. Nilimtazama usoni kwa ajili hiyohiyo. Alikuwa anagombana na mtu juu ya ukoko, nani apewe na nani alishakula wa shughuli iliyopita.

Ule mchele wa sabuni Mangi aliuanika darini kwa siku kadhaa, kisha akauuza kwa mfuga kuku, akimweleza wazi una nini. Kiroba kimoja alikibakisha kaunta. Mtu akija analia simu imeingia maji, anamchotea bure, anamwambia huu ndio wenyewe, unakausha na kufua.

Siku hizi tunaenda kununua pamoja, yeye mbele, mimi nyuma kidogo. Wapagazi walishatupa jina. Wakituona tunatokea kwenye kona wanapigiana kelele kutoka mkokoteni mmoja hadi mwingine kwamba Jino na Pua wamefika, ficheni sabuni. Shangazi huwatukana wote kwa majina ya babu zao, huku akikunja mkono wa gauni mpaka kiwikoni.